Pesa iliyoingia kimakosa ni amana, si riziki

  

Ndugu Waislamu, katika makala yetu ya leo tumekusudia kuzungumzia jambo ambalo karibu kila nyumba yenye simu imepata kulikuta au italikuta. Nalo ni fedha inayoingia katika simu yako kutoka kwa mtu usiyemjua, aliyekosea tarakimu moja ya namba. Je, fedha hiyo ni ya nani? Uifanye nini? Na yule anayekupigia akidai kuwa ni yake, umwamini au umkatie simu? Tunaandika haya si kwa sababu tu swali linaulizwa sana, bali kwa sababu sisi wenyewe tulipata kulijibu nusu, na ile nusu tuliyoiacha ikamgharimu mtu.

Tukio lililotufunza

Msimu mmoja wa mvua hapa Mpanda, baada ya waumini wengi kulalamika kuwa wameibiwa kwa njia ya simu, tulisimama juu ya mimbari siku ya Ijumaa tukawaonya watu dhidi ya matapeli. Tulisema kwa sauti ya juu kwamba mtu usiyemjua akikupigia na kudai amekosea kukutumia pesa, usimsikilize, mkatie, kwani huyo ni mwizi. Waumini waliafiki, na baadhi yao walitushukuru mlangoni.

Hazikupita wiki tatu, kijana mmoja wa Makanyagio, dereva wa bodaboda, akatujia baada ya swala ya Alasiri, uso umemshuka. Alikuwa ameitwa kituo cha polisi. Akatusimulia kuwa usiku mmoja ziliingia katika simu yake shilingi 420,000. Punde akapigiwa na mwanamke anayelia, akisema amekosea namba. Kijana akayakumbuka maneno yetu, akakata simu, kisha akaizima hadi asubuhi. Alipoiwasha, pesa ilikuwa bado ipo. Akajiambia kuwa kama angekuwa tapeli, pesa isingekuwepo, na kama ni ya mtu, mwenyewe angeifuata. Siku ya pili akanunua tairi na kulipa deni la dukani. Siku ya nne zikabaki shilingi 60,000.

Yule mwanamke hakuwa tapeli. Alikuwa mfanyabiashara wa dagaa katika barabara ya Karema, na pesa ile ilikuwa mtaji wake wote, akiwatumia wavuvi wa ziwani. Hakuwa Muislamu. Alikuwa amekwenda kwa watoa huduma akaambiwa kuwa salio la mpokeaji halitoshi, kisha akaenda polisi. Kijana alitutazama akasema, “Sheikh, si ninyi mliosema tusiwasikilize?”

Hatukuwa na jibu la haraka. Tulichokisema mimbarini kilikuwa kweli kuhusu matapeli, lakini hatukusema neno hata moja kuhusu mwenye haki. Makala hii ni kukamilisha khutba ile.

Kutoka mkono unaojulikana hadi namba

Mkoa wetu wa Katavi, ulioanzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa, ni mkoa wa masafa marefu. Mji wa Mpanda uko mwisho wa tawi la reli linalotoka Kaliua. Mkulima wa tumbaku, mvunaji wa mpunga wa Mpimbwe, mchimbaji mdogo wa dhahabu na mchuuzi wa samaki wa Ziwa Tanganyika wote wanahitaji kupeleka fedha mahali ambapo miguu yao haifiki kwa siku moja.

Wazee wanakumbuka namna ilivyokuwa zamani. Fedha ilishonwa ndani ya pindo la nguo, au ikafungwa katika bahasha na kukabidhiwa kondakta wa basi au msafiri wa treni. Njia ile ilikuwa na hatari zake, lakini aliyebeba alikuwa na uso na ukoo. Akipoteza, tulijua nyumba ya kwenda kubisha hodi.

Mwaka 2008 huduma ya M-Pesa ikaanza nchini mwetu, na kampuni nyingine zikafuata. Kufikia mwisho wa mwaka 2023, akaunti za fedha kwa njia ya simu Tanzania zilikuwa zimepita milioni 50. Hii ni neema kubwa, na asiyeshukuru neema huipoteza. Mama aliyeko kijijini anapata fedha ya dawa kabla ya chai ya asubuhi. Lakini sasa kati yako na mpokeaji hakuna uso, kuna tarakimu tu. Ukikosea moja, mali yako inaangukia mikononi mwa mtu usiyemjua, naye hakujui. Hapo hakuna shahidi anayemwona ila Mwenyezi Mungu, na hapo ndipo imani ya mtu hupimwa.

Nguo iliyopeperushwa na upepo

Wanazuoni wa fiqhi, hususan wa madhehebu ya Imamu Shafii ambayo wengi wetu wa Afrika Mashariki tumeyasomea, wameigawa amana katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni mali ambayo mwenyewe amekukabidhi kwa hiari yake ili umtunzie. Fungu la pili ni mali iliyofika mkononi mwako bila ya mwenyewe kukukabidhi. Hii wanaiita amana ya kisheria, kwa maana kwamba ni Sharia iliyokufanya uwe mwaminifu wake, si mwenye mali.

Mfano wanaoutoa vitabuni, ambao tuliusoma madrasani tukiwa wadogo bila kujua kuwa siku moja tutauhitaji, ni nguo iliyoanikwa, upepo ukaipeperusha na kuiangusha ndani ya nyumba ya mtu mwingine. Mwenye nyumba hakuiba, wala hakuomba. Je, nguo imekuwa yake? La, hasha.

Tena wanazuoni wakaonesha tofauti muhimu baina ya mafungu hayo mawili. Katika amana ya kukabidhiwa, unaweza kukaa nayo hadi mwenyewe aje kuidai. Katika amana ya upepo, huna ruhusa ya kungoja. Ni wajibu wako kuirudisha upesi, au kumjulisha mwenyewe kuwa ipo kwako, hata kama hajakuuliza. Ukichelewa bila ya udhuru kisha ikapotea, unakuwa na dhamana ya kulipa, hata kama hukuiharibu kwa mkono wako.

Ndugu msomaji, mtandao wa simu ndio upepo wa zama zetu. Shilingi iliyoingia kwa tarakimu iliyokosewa ni nguo ya jirani iliyoanguka uani kwako. Allah (S.W.), katika aya ya 58 ya Suratun-Nisaa, ametuamrisha kuzirudisha amana kwa wenyewe, wala hakubagua amana ndogo na kubwa, wala ya Muislamu na asiyekuwa Muislamu. Na katika hadithi aliyoipokea Samura (R.A.), Mtume (S.A.W.) amebainisha kuwa mkono unabeba jukumu la ulichokichukua mpaka ukirudishe.

Tukumbuke pia usiku wa Hijra. Makureshi walikuwa wamekula njama ya kumuua Mtume (S.A.W.), na hali mali zao wengine zilikuwa zimewekwa kwake, kwa kuwa walimjua kuwa ni Mwaminifu. Hakusema kwamba ni mali ya maadui. Alimwacha nyuma Ali bin Abi Talib (R.A.) azirudishe amana zile kwa wenyewe. Ikiwa amana ya anayetaka kukuua inarudishwa, itakuwaje amana ya mama wa dagaa ambaye hakukukosea kitu?

Visingizio vinne

Katika kuzungumza na waumini tumesikia visingizio vinne, na ni vyema tuvijibu kimoja kimoja.

Kisingizio cha kwanza ni kusema kuwa ni riziki, Mungu amenipa. Ni kweli kuwa riziki zote zinatoka kwa Allah, lakini riziki ya halali ina mlango wake, nao ni jasho, biashara, urithi au zawadi. Na zawadi haiwi zawadi pasipo mtoaji kukusudia kukupa. Aliyekosea namba hakukukusudia wewe. Kumtaja Mungu juu ya mali ya mtu ni kuongeza kosa juu ya kosa.

Kisingizio cha pili hutoka kwa waliosoma kidogo. Wanasema kitu kilichookotwa hutangazwa mwaka mmoja, kisha aliyekiokota hukitumia. Hukumu hiyo ipo, lakini ni ya kitu ambacho mwenyewe hajulikani. Pesa ya simu imekuja na ujumbe wenye jina la mtumaji na namba yake. Mwenyewe anajulikana kabla hata hujaufunga ujumbe. Mwaka wa kutangaza una kazi gani hapo?

Kisingizio cha tatu ni kusema kuwa mwenyewe ni mzembe, acha ajifunze. Ndugu yangu, nani amekufanya wewe kuwa mwalimu wake, na ada ya somo iwe mtaji wake? Makosa ya mtu hayahalalishi mali yake. Mtume (S.A.W.) ametufunza kurudisha amana kwa aliyetuamini na tusimfanyie khiana hata aliyetufanyia khiana. Basi aliyekosea tu ana haki zaidi.

Kisingizio cha nne ni kipya, na kimetufikia mara nyingi. Mtu ana deni la mkopo wa simu. Pesa ya mwenzake inapoingia, mtambo unaikata moja kwa moja kufidia deni lile. Naye husema, “Mimi sikuila, imekatwa.” Jibu letu ni kuwa deni lililolipwa lilikuwa lako, na limelipwa kwa mali ya mwingine. Umetua mzigo wako juu ya kichwa chake. Unadaiwa kiasi kilekile, na sasa mdai wako si kampuni bali ni mja mwenzako, ambaye kesho Akhera atadai kwa thawabu zako ikiwa hukumlipa kwa shilingi.

Asidhani mtu kuwa ni kidogo. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba mtumishi mmoja aliuawa kwa mshale baada ya Khaybar, na watu wakampongeza kwa Pepo. Mtume (S.A.W.) akawaambia kuwa joho alilolichukua katika ngawira kabla ya kugawiwa linamuwakia moto. Lilikuwa joho moja tu. Waliposikia hayo, mtu akaja na kamba za viatu alizokuwa amezichukua.

Na tukitaka kuona uzuri wa upande wa pili, hadithi nyingine katika vitabu hivyohivyo inatueleza habari ya mtu wa umma zilizopita aliyenunua ardhi, akakuta ndani yake mtungi wa dhahabu. Akamrudia muuzaji akamwambia achukue dhahabu yake, kwani yeye alinunua ardhi tu. Muuzaji akakataa, akasema aliiuza ardhi pamoja na vilivyomo. Wakagombana, kila mmoja akimsukumia mwenzake dhahabu, hadi mtu waliyempelekea shauri akaamua mtoto wa kiume wa mmoja amuoe binti wa mwingine, na dhahabu itumike kwa ajili yao. Sisi wa Mpanda, ambao ardhi yetu ina dhahabu kweli, tunajua ugomvi wa dhahabu kwa kawaida unaelekea upande gani.

Mwaminifu si lazima awe mjinga

Hata hivyo, khutba yetu ya awali haikuwa na makosa yote. Matapeli wapo, na mbinu wanayoipenda ni hiyohiyo ya kudai wamekosea namba. Hukutumia ujumbe uliotengenezwa ufanane na wa mtoa huduma, na hali hakuna senti iliyoingia. Kisha hukupigia kwa kilio, wakikuharakisha urudishe, nawe unatoa pesa yako mwenyewe. Wapo pia wanaotuma pesa ya kweli, wakakutaka uirudishe katika namba nyingine tofauti, kisha wakaomba muamala wa kwanza usitishwe, ukalipa mara mbili.

Takwimu za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) za mwaka 2023 na 2024 ziliitaja mikoa ya Rukwa na Morogoro miongoni mwa iliyoongoza kwa majaribio ya ulaghai wa simu. Rukwa ni jirani zetu, na hadi mwaka 2012 tulikuwa mkoa mmoja. Hatusemi haya kuwaaibisha watu wa Rukwa, kwani walio wengi ni watu wema. Tunayasema ili pasiwe na mzazi wa Katavi atakayedhani kuwa matapeli wanatoka mbali. Huenda ni kijana wa nyumba ya pili, na huenda ni mwanao.

Mtume (S.A.W.) ametuelekeza kuwa muumini hang'atwi mara mbili kutoka katika tundu moja. Basi uaminifu na tahadhari vyote viwili ni dini. Namna ya kuvichanganya tumeikuta katika mafundisho yake juu ya kitu kilichookotwa. Alimwelekeza muulizaji akitambue kwanza chombo chake na kamba iliyokifunga, kisha akitangaze. Hekima yake iko wazi, kwamba atakayekuja kukidai atazitaja alama zake, na asiyezijua ataumbuka. Vilevile alielekeza kuwa mwenye kuokota aweke shahidi mwadilifu.

Kwa msingi huo, tunashauri yafuatayo.

Kwanza, usiusome ujumbe peke yake, tazama salio lako. Kama salio halikuongezeka, hakuna amana, kuna mtego.

Pili, kama limeongezeka, usiiguse. Mwambie mtu mmoja wa nyumbani na mwingine wa nje, kama imamu au mwenyekiti wa mtaa. Andika kiasi, saa na jina lililokuja nacho. Hao ndio mashahidi wako.

Tatu, akikupigia mtu, msikilize kwa upole, lakini usimtajie wewe alama. Muulize atume kiasi gani, saa ngapi, kwa jina gani, na namba ya kumbukumbu ya muamala ni ipi. Hicho ndicho chombo na kamba ya zama hizi.

Nne, usirudishe katika namba anayokutajia. Mwambie awapigie watoa huduma wake, nawe uwapigie wa kwako au uende ofisini kwao, useme waziwazi kuwa pesa si yako na umeridhia irudishwe. Njia hii inamlinda yeye na inakulinda wewe. Kama kuna gharama halali ya kurudisha, asili ya fiqhi ni kuwa iko juu ya mwenye mali, lakini ajulishwe, usijikatie kwa siri.

Tano, ukithibitisha kuwa ni tapeli, usiishie kumtukana. Upeleke ujumbe wake kwenye namba 15040 ya TCRA. Na kwa kuwa tangu usajili wa laini kwa alama za vidole ulioanza mwaka 2019 kila laini ina mwenyewe, bonyeza *106# uone kama kuna laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako usiyoijua. Anayeacha jina lake litumike kwa ulaghai, naye anajua, amekuwa mshirika.

Polisi na ushahidi

Katika mlango huu tumeona watu wakikosea pande mbili. Kundi la kwanza ni wanaomrukia mtu kwa dhana. Pesa ikipotea, wa kwanza kutuhumiwa ni wakala aliyekaa kibandani kwake, na mara kelele za mwizi zinapigwa. Tunajua wote namna kelele hizo zinavyoishia mikononi mwa wananchi wenye hasira. Suratul-Hujurat, aya ya 6, imetuamrisha kuichunguza habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga. Na kanuni ya hukumu katika Uislamu ni kwamba ushahidi ni juu ya anayedai, na kiapo ni juu ya anayekana. Kipigo cha barabarani hakina ushahidi wala kiapo. Ni dhulma, na damu ikimwagika, kila aliyerusha jiwe ataulizwa.

Kundi la pili ni wanaoogopa kwenda polisi kabisa. Wanasema hakuna faida, au wataombwa chochote. Rushwa ni haramu kwa mtoaji na mpokeaji, na Mtume (S.A.W.) amewalaani wote wawili. Lakini kukaa kimya kunamwacha mhalifu aende kwa mwingine. Allah ametukataza kuuficha ushahidi, katika aya ya 283 ya Suratul-Baqara. Nchi yetu ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na Kanuni ya Adhabu inahesabu kuwa ni wizi mtu kuigeuza mali ya mwenzake kuwa yake kwa nia ya udanganyifu. Nenda kituoni na ushahidi wako mkononi, yaani ujumbe, namba ya muamala na tarehe. Usiufute ujumbe kwa hasira. Chukua namba ya kumbukumbu ya taarifa yako na uifuatilie kwa subira.

Na ukiitwa wewe, kama alivyoitwa kijana wetu, usikimbie. Asiye na hatia ana maelezo, na mwenye kosa ana nafasi ya kutubu kwa kulipa.

Benki na pesa isiyoombwa

Yote tuliyoyasema juu ya simu yanahusu benki pia. Mashine ya kutolea fedha ikikupa noti zaidi, au keshia akihesabu vibaya, ile ziada ni nguo ya upepo. Wengine huona ni halali kwa kuwa benki ni tajiri. Kwanza, utajiri wa mtu hauhalalishi mali yake. Pili, mara nyingi pengo la keshia hufidiwa na keshia mwenyewe kutoka mshahara wake, naye ana watoto kama wako.

Liko na jambo jingine. Fedha zote zilizomo katika simu zetu huwekwa na kampuni katika benki, kwenye akaunti za udhamini, na fedha hizo huzaa riba. Mwaka 2014 kampuni ya Tigo ilianza kuwagawia wateja wake sehemu ya mapato hayo, na kampuni nyingine nazo zikagawa. Waislamu wakauliza: hii nayo tuirudishe kwa nani? Hapa hakuna mtu mmoja aliyekosea namba. Waliyoyasema wengi katika wanazuoni wa zama hizi ni kuwa mapato yaliyotokana na riba mtu asiyale wala asilipie deni lake, bali ayatoe kwa mafukara au maslahi ya watu wote, akikusudia kujisafisha nayo, si kutafuta thawabu za sadaka.

Anayetaka kuondokana na shaka hiyo katika akiba yake kubwa, milango imefunguka. Amana Bank ilianza mwaka 2011 ikiwa benki ya kwanza nchini kuendeshwa yote kwa misingi ya Sharia, na mwaka 2021 CRDB ikaanzisha huduma ya Al Barakah. Jina la Kiislamu peke yake halitoshi, hivyo uliza, soma mkataba, kisha uamue.

Wajibu wa mtumaji na wa wazazi

Mwenye kutuma naye ana wajibu. Kabla ya kuweka namba ya siri, jina la mpokeaji huonekana. Lisome. Sekunde mbili za kusoma jina zinaokoa wiki mbili za kwenda na kurudi. Ukikosea, usianze kwa matusi na vitisho, kwani aliyepokea hakukufanyia kosa, na sauti ya ukali ndiyo inayomfanya akudhanie tapeli.

Wazazi, wafundisheni watoto jambo hili mbele ya macho yao. Siku pesa ya mtu itakapoingia, muite mwanao aone unavyopiga simu kuirudisha. Somo hilo moja linashinda makala kumi kama hii. Na mwenye amana ya mtu katika simu yake asilale nayo bila ya kuiandika. Mtume (S.A.W.) hakutaka Muislamu mwenye jambo la kuusia apitishe siku mbili bila ya wasia wake kuandikwa. Tukifa, simu zetu zinafungwa kwa namba ya siri, na haki za watu zinafungwa ndani yake.

Tumalizie kwa kijana wetu. Tulikwenda naye kituoni. Askari aliyetupokea alisikiliza pande zote, na mama wa dagaa akakubali sulhu. Shilingi 60,000 zilizobaki alizirudisha siku ileile. Nyingine 60,000 tulizitoa sisi, kwa kuwa ulimi wetu ulikuwa na sehemu katika hasara ile. Shilingi 300,000 zilizosalia kijana alizilipa kwa 25,000 kila wiki, kwa wiki 12. Wiki mbili mvua ilikata barabara na kazi haikuwepo, akauza redio yake ili asikose. Wiki ya mwisho yule mama alimpigia, safari hii bila kulia, akamwambia kuwa deni limekwisha. Kijana akatuletea simu tuuone ujumbe wa malipo ya mwisho, akasema kwamba ndiyo mara ya kwanza tangu usiku ule amelala bila kuizima.

Ijumaa iliyofuata tulipanda mimbarini tukaikamilisha khutba yetu, na tukawaomba radhi waumini kwa nusu tuliyoiacha.

Tunamuomba Allah (S.W.) atutakasie machumo yetu, atujaalie tuwe miongoni mwa wanaochunga amana zao na ahadi zao, na atulinde tusidhulumu wala tusidhulumiwe. Amin. Wabillahi tawfiq.